Nani Anamtunza Nyanya?

Mpenzi msomaji, kama una mtoto wa shule nyumbani kwako, basi waijua vyema saa ya mtihani wa wazazi. Sisemi mitihani ile ya kufunga mwaka. Nasema ile saa ya jioni, chakula kikishaliwa, mtoto anapoleta daftari mezani na kukuuliza jambo ambalo wewe mwenyewe ulilisahau tangu siku zile ukivaa kaptura. Mimi saa hiyo hunikuta nimechoshwa na matatu na msongamano wa Barabara ya Jogoo, na mara nyingi hujibu ovyo ovyo ili niachwe nisome gazeti langu kwa amani.

Jioni moja mwezi wa Februari, binti yangu aliye Gredi ya Sita alinijia akiwa amenuna. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa kazi ya kutunga sentensi kumi kwa vile vitenzi ambavyo walimu huviita "phrasal verbs", vyote vikianza na neno "look". Alipata tisa. Ya nne ilipigwa mkasi mwekundu wa kutisha, na pembeni mwalimu akaandika kwamba mtoto hajui maana ya "look after".

Niliisoma. Alikuwa ameandika: "My grandmother looked after us until the matatu was gone." Kwa Kiswahili alikuwa akitaka kusema kwamba nyanya yake alituangalia kwa nyuma hadi matatu ikapotea.

Nilicheka, tena kwa majivuno ya mtu aliyepasi Kiingereza. "Mama," nikamwambia (humwita mama kwa kuwa amepewa jina la mama yangu), "'look after' si kumwangalia mtu kwa nyuma. Ni kumtunza."

"Lakini Baba, Nyanya alituangalia kwa nyuma. Hata wewe ulimwona."

Kweli nilimwona. Ilikuwa baada ya Krismasi, kule Wundanyi, milimani Taita. Tulikaa kiti cha nyuma cha matatu ya kwenda Voi, na mama yangu alisimama kando ya barabara na leso yake begani, mkono ameuinua, uso ameuelekeza kwetu mpaka kona ya kwanza ikatuficha. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kitini akimpungia. Sikujua kwamba mtoto aliliweka jambo hilo moyoni hata likaja kutoka katika daftari la Kiingereza.

Basi nikaanza kufundisha. Na kwa kuwa najua wanafunzi wengi huusoma ukurasa huu, acha nilirudie somo lile, huenda likakufaa.

Matata ya vitenzi hivi ni kwamba maana yake haipatikani kwa kuyajumlisha maneno yake. "Look" ni kutazama, na "after" ni baada au nyuma. Ukiyajumlisha hupati kutunza, hata ufanyeje. Badilisha kijineno cha mwisho, na kila kitu kinabadilika: "look for" ni kutafuta, "look up to" ni kumheshimu mtu, "look down on" ni kumdharau, na "look into" ni kulichunguza jambo. (Hicho cha mwisho ndicho wakubwa wetu wanachokipenda mno. Ukisikia afisa anasema suala lako atalitazama, jua kwamba umetumwa nyumbani.) Usidhani ni wewe tu unayesumbuka. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza sana wageni. Hata jina lenyewe la "phrasal verb" si la zamani hivyo. Lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Tena vitenzi hivi havina tabia moja. "Bring up", yaani kulea, hukubali kupasuliwa katikati. Unaweza kusema "she brought him up". Lakini "look after" hakipasuki. Ni lazima useme "look after him". Ukisema "look him after" umeharibu. Hata hivyo hukubali kugeuzwa, na hapo ndipo huwakwaza watahiniwa, kwa kuwa ukikigeuza kile kijineno hubaki kikining'inia: "the child is looked after by his aunt", mtoto anatunzwa na shangazi yake. Usikiache hicho "after" kidondoke.

Sasa, kuna ndugu zake ambao usiwachanganye. "Take care of" ni kutunza pia, ila huwa na makali. Jambazi wa sinema akisema kwamba atam-"take care of" fulani, huyo fulani aandike wosia. "Care for" yaweza kuwa kumuuguza mtu au kumpenda, na tena mwenyeji wa Kiingereza akikuuliza kama unge-"care for" chai, anakukaribisha tu chai. Hata sisi tuna mambo yetu. Mwingereza akiagana na rafiki humwambia "look after yourself". Hebu tafsiri hayo kwa Kiswahili cha mitaani Nairobi, umwambie mtu "jichunge", uone kama hatafikiri unamtisha!

Nilipofika hapo binti yangu alikuwa amepiga miayo mara mbili. Alichukua daftari lake akaenda kuandika masahihisho, maana mwalimu alitaka sentensi tatu mpya.

Nami nikabaki na neno lile. Kazi hii yetu ya uandishi ina ugonjwa wake, ukilishika neno huliachi. Nilikumbuka kwamba ninayo Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1611 enzi za Mfalme James, niliyorithi kwa marehemu baba yangu. Katika Kutoka, sura ya 33, aya ya 8, Musa anapokwenda hemani, watu husimama kila mmoja mlangoni pa hema yake na kumfuata kwa macho mpaka aingie. Na kitenzi kilichotumiwa hapo, msomaji wangu, ni "look after", kile kile. Zamani zile kilikuwa na maana aliyoikusudia mtoto. Kumbe binti yangu hakuandika upuuzi. Aliandika Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita, akapigwa mkasi.

Basi nikaona njia iliyofuatwa na maana. Unayemfuata kwa macho ndiye usiyetaka apotee, na usiyetaka apotee humlinda. Wala sisi hatuko mbali na Waingereza katika hilo. Mama akiwa na mzigo stendi humwambia mwenzake, "Niangalizie mzigo wangu," naye hamaanishi autolee macho tu. Amaanisha usiguswe. Mwenye duka jirani huombwa, "Nitazamie mtoto, narudi sasa hivi."

Lakini Kiswahili ni kijanja kuliko hivyo, maana kina maneno mengi pale Kiingereza kinapojitosheleza na moja. Mtoto hulelewa. Mbuzi huchungwa. Mali hutunzwa au huhifadhiwa. Mgonjwa huuguzwa, na hili la kuuguza hunishangaza kila nikilifikiria. Kulala huzaa kulaza, yaani kumfanya mtu alale. Kwa hesabu hiyo kuugua kungezaa kuuguza kwa maana ya kumfanya mtu awe mgonjwa. Lakini sivyo. Kuuguza ni kuwa na mgonjwa katika ugonjwa wake, kumgeuza kitandani, kumlisha uji, kuamka anapoamka. Nalo neno tunza lenyewe lina maana ya pili, kumpa mtu zawadi. Katika ngoma au taarab, shabiki anayepanda jukwaani akambandika mwimbaji noti usoni, huyo amemtunza. Kisha hushuka akaketi.

Nilikuwa nikiyafurahia hayo peke yangu pale mezani aliporudi binti yangu na daftari. Sentensi ya kwanza ilisema mama yake humtunza mtoto wetu mdogo. Ya pili ilisema bawabu hutunza lango la ploti yetu (si kweli sana, lakini sarufi ilikuwa sawa). Ya tatu alikuwa ameamua kuigeuza, kama nilivyomfundisha. "My grandmother is looked after by", kisha hapakuwa na kitu.

"Baba, Nyanya anatunzwa na nani?"

"Andika sisi sote," nikamwambia.

Akafikiri. "Sisi tuko hapa. Baba Mdogo yuko Mombasa. Shangazi yuko Uingereza." Alihesabu kwa vidole, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta kalamu iliyopotea. "Na yule msichana alirudi?"

Yule msichana hakurudi. Alikuwa akimsaidia mama yangu kuchota maji na kupika, nasi watoto tukamlipa kwa zamu. Mwezi wa Septemba akaolewa akaenda zake. Tulisema tutatafuta mwingine. Tuliendelea kusema hivyo katika kikundi chetu cha familia kwenye simu, na kila mtu aliweka alama ya kukubali.

Nilimwambia binti yangu aende alale, mwalimu hatakasirika kwa sentensi moja. Naye alikwenda. Lakini ile nafasi tupu ilibaki mezani imenikodolea macho.

Nitakueleza ukweli, msomaji, maana hakuna faida kuandika ukurasa huu kwa kujipamba. Mama yangu alikuwa akilalamika juu ya macho yake kwa muda wa miaka miwili. Alisema kuna moshi mbele yake. Alisema taa za magari usiku zinamchoma. Mara ya kwanza nilimnunulia miwani sokoni Nairobi. Mara ya pili kijana wa zahanati alimulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba apelekwe hospitali ya macho. Nilisema tutampeleka. Kisha ada za shule zikaja, na kodi, na pikipiki ya ndugu yangu ikaharibika, na mwaka ukaisha, na mwingine. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia pesa kwa simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 sisi watu wa mjini tumepata njia ya kuwa wana wema bila kupanda gari. Pesa zikishaingia, na ujumbe ukishafika, moyo hutulia. Nimemtunza. Yaani nimembandika noti, nikashuka jukwaani.

Usiku ule nilimpigia dada yangu simu. Alikwenda Uingereza mwaka 2022, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kitenzi chetu: huwatunza wazee nyumbani kwao, kwa mshahara wa saa. Nilitaka kumchekesha kwa kisa cha Musa na mkasi mwekundu. Alicheka kidogo. Kisha akanieleza jinsi kazi yao ilivyo. Akimaliza zamu, ni lazima aandike taarifa ya mzee: amekula nini na ameacha nini, amekunywa maji kiasi gani, amekwenda haja, amelala, amelalamika maumivu gani, ngozi yake ikoje mahali anapolalia. Anayekuja baada yake husoma kwanza ndipo aingie.

"Mimi namwandikia mama wa mtu mwingine kila siku," akasema. "Haya, ndugu yangu, leo ungeandika nini juu ya Mama?"

Nilifungua kinywa. Nilijua ametumiwa shilingi elfu tatu. Sikujua amekula nini.

"Hata mimi sijui," dada akasema, na nikamsikia akilia mbali huko kwenye baridi.

Waweza kuniambia kwamba serikali ipo. Ni kweli, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Angalia mpangilio wake. Jamaa wametajwa kwanza. Na mama yangu, aliyepita miaka 70, yumo katika orodha ya Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini shilingi hazimuoni mtu aliyemwaga uji wa moto kwa kuwa hakuona ukingo wa kikombe.

Hilo la uji nililikuta Ijumaa iliyofuata. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la usiku hadi Voi, kisha matatu ya kupanda Mwatate hadi Wundanyi, na nikafika kabla ukungu haujaondoka milimani. Mama alikuwa ameketi kizingitini. Nilisimama hatua chache mbele yake, sikusema neno, nikitaka kumshtua kwa furaha kama zamani. Alinielekezea uso, akasema kwa adabu, "Karibu. Ni nani mwenzangu?"

Msomaji, kuna mambo ambayo mtu huyasikia kwa tumbo.

"Ni mimi, Mama."

"Ni wewe, mwanangu? Mbona hukusema? Kuna nini huko, watoto hawajambo?"

Kwenye paja lake palikuwa na kovu bichi la kuungua, amelipaka kitu cheupe ambacho nadhani kilikuwa dawa ya meno. Sufuria zilikuwa safi upande mmoja. Jirani, mama mmoja mwenye shughuli zake na watoto wake, alikuwa akimletea maji na mboga, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa sababu mama yangu alimwapiza asituhangaishe sisi tunaotafuta.

Jioni tulipokuwa tukiota moto nilimsimulia kisa cha mjukuu wake na sentensi. Nilidhani atafurahi kwamba mtoto alikumbuka jinsi alivyosimama akituangalia mpaka tukapotea. Alinyamaza kwanza.

"Sikuwa nikiwaona, mwanangu," akasema. "Tangu mlipoingia garini sikuwaona. Nilikuwa nikisikiliza injini. Inapofika ile kona ya chini hubadilisha sauti, ndipo nikajua mmeshuka salama, nikarudi."

Sikumjibu. Niliongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Kwa faida ya wale walio na wazee, nitaeleza kwa ufupi niliyoelezwa hospitalini. Ndani ya jicho kuna lenzi iliyo angavu kama kioo. Umri ukisonga, mara nyingi huingia ukungu, na ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayouondoa, wala miwani haisaidii ukishakomaa. Huondolewa kwa upasuaji. Daktari huitoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia, kwa kawaida mgonjwa akiwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Hufanywa jicho moja kwanza. Baadaye ni matone ya dawa kwa wiki kadhaa, kutoinama kuinua vitu vizito, kutolisugua jicho. Ni jambo ambalo lingefanywa miaka miwili kabla. Daktari aliniuliza mbona tumechelewa, kisha akaona uso wangu akaendelea kuandika.

Matone hayo ndiyo yaliyonifundisha kazi. Niliomba likizo yangu yote ya mwaka. Mara nne kwa siku nilinawa mikono, nikamwinua kidevu, nikamwambia atazame juu. Siku ya kwanza mkono wangu ulitetemeka nikamtia dawa shavuni. Alicheka akasema nilipokuwa mchanga nilimtapikia maziwa kifuani mara nyingi kuliko hayo. Nilipika ugali ukawa na madonge, akala. Niliandika kila kitu katika daftari, kama dada alivyoniambia, na kila usiku nilimtumia picha ya ukurasa. Naye alijibu kwa masahihisho: mbona maji glasi tatu tu, mbona hukuandika kama ametembea?

Siku ile bandeji ilipoondolewa Mama alitazama mikono yake kwanza, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi. "Umekuwa na mvi," akasema. "Tangu lini?"

Sitaki udhani kwamba mambo sasa ni shwari. Kuja Nairobi amekataa. Asema hawezi kukaa ghorofani kama njiwa. Tumempata mama mmoja mtu mzima wa kijijini, anakuja asubuhi na kuondoka jioni, na tumekubaliana mshahara wa heshima. Ndugu yangu wa Mombasa hupanda kila wiki ya pili. Mimi huja kila mwisho wa mwezi, ingawa mwezi wa Mei sikufika, tukagombana kwa simu hadi majirani wakasikia. Daftari lipo juu ya kabati la Mama, na yule mama wa kijijini huandika humo kwa Kitaita, herufi kubwa kubwa. Jicho la pili limepangiwa mwezi wa Agosti.

Binti yangu nilimwonyesha kurasa zile niliporudi. Alizisoma zote, hata za haja. Nikamuuliza kama sasa ataweza kuimaliza ile sentensi yake ya tatu. Akalitoa daftari la Kiingereza kutoka mkobani, akaitazama ile nafasi, akasema yafaa tungoje kwanza jicho la pili.